Upande wa Nje wa Kizingiti

Nilipokuwa mtoto ambaye tayari amebebeshwa mtoto mwingine mgongoni, niliamini kwamba wanadamu wote wamegawanyika makundi mawili: wale unaoweza kuwatania na wale usioweza kuwatazama usoni. Sikufundishwa hivyo kwa maneno. Niliujua mgawanyo huo kama nilivyoujua mteremko wa shamba letu, ambapo kila kilichoanguka kilijua chenyewe kielekee wapi.

Kwetu ni upande wa Nyamira, kwenye kilima kinachotazamana na Kebirigo. Mama alilima pareto na migomba. Baba alifanya kazi katika mashamba ya chai ya Kericho, akija nyumbani kila mwisho wa mwezi na mkate mmoja uliobonyea. Ng'ambo ya kijito, chini ya kilima, ndipo lilipokuwa boma la babu na bibi waliomzaa baba. Mimi nilikuwa yaya wa mdogo wangu Nyamweya, ambaye hakuwa ameota jino hata moja, na ambaye uzito wake mgongoni naweza kuuhisi hata sasa nikiinama kuokota kitu.

Babu, ambaye kwa lugha yetu nilimwita sokoro, alikuwa katika kundi la kwanza. Kwetu babu na mjukuu ni watani, na mjukuu wa kike ni mke wa mzaha.

"Mke wangu," alikuwa akiniambia kila tulipokutana kijitoni, "leo umenipikia nini?"

"Simpikii mzee asiye na meno."

"Meno niliyauza nikakutolea mahari. Na ona nilichopata. Mke mwenyewe hajui hata kusonga ugali, na tayari ana mtoto wa mwanamume mwingine mgongoni."

Nilicheka mpaka Nyamweya akatikisika. Hakuna aliyeona ajabu.

Lakini babu na mama walikuwa kundi la pili. Mama alipomwona anakuja njiani, aliingia ndani ya pareto, akageuka, akainamisha kichwa mpaka apite. Naye babu, ili asimshtue, alikohoa tangu mbali, kikohozi kisichotoka kifuani bali kwenye adabu. Akiwa na haja kwetu, alisimama uani karibu na ghala la wimbi, akauliza hewa: "Wenye nyumba hii hawajambo?" Mama alinijibu mimi, nami nikampelekea babu jibu ambalo alikuwa amekwisha kulisikia. Kuingia ndani ya nyumba yetu, babu hakuwahi. Hiyo ilikuwa nyumba ya mwanawe aliyeoa, ndani yake mna kitanda cha mwanawe, na baba wa mtu hana analotafuta mahali hapo.

Heshima hiyo sisi Abagusii huiita ensoni. Nimekuwa nikiwafundisha wanafunzi wa mwaka wa kwanza misingi ya anthropolojia ya utamaduni kwa muda mrefu, na kila nikifika hapo hulitafuta neno la Kiswahili nisilipate. Ningesema ni haya, lakini haya humpata aliyekosa. Ensoni humpata asiyekosa lolote, ili asije akakosa. Wanafunzi huandika. Kisha mmoja huuliza, kila mwaka hakosekani: "Mwalimu, sasa wakikutana mahali pembamba?"

Swali ni zuri, kwa sababu mama na babu waliwahi kukutana mahali pembamba.

Ilikuwa kabla sijaanza kutembea. Mama alikuwa akirudi kuchota maji, babu akirudi kutoka kwa majirani, na juu ya kijito daraja lilikuwa gogo moja. Ukungu ulikuwa mzito. Kila mmoja alimwona mwenzake wakiwa wamekwisha kufika katikati. Mama aliteleza, babu akamshika mkono asije akaanguka, basi. Hakuna aliyekuwa na nia mbaya. Lakini bibi aliposikia, alifunga mbuzi pembeni mwa nyumba yake akamwita mama aje, yeye na babu watakaswe, kwani kosa la ensoni, alivyotufundisha, halimwangukii aliyelitenda. Humwangukia mtoto mchanga wa nyumba ile.

Mama alikataa. Alikuwa amebatizwa karibuni katika kanisa la Wasabato, na wazee wa kanisa walikuwa wamewakataza waumini kupakwa damu na uchafu wa matumbo ya mbuzi. Alikataa kwa upole, macho chini.

"Sawa," bibi alimwambia. "Umeitupa dawa. Basi itupe na ensoni yenyewe, kama unaweza. Mwangalie baba mkwe wako usoni, mle sahani moja. Lakini ukibaki na mwiko bila dawa yake, mokamwana wangu, siku moja utakwama, na hapatakuwa na wa kukukwamua."

Mokamwana ndiye mkaza mwana. Bibi alilitumia neno hilo kwa mapenzi, hata alipokuwa akionya.

Mama hakuitupa ensoni. Angewezaje? Kanisa lenyewe liliisifu, likiiita adabu njema. Mtoto aliyezaliwa baada yangu aliishi mvua moja ya vuli akafa kwa homa. Mama alisema ni malaria, na kanisani walisema ni mapenzi ya Mungu, na bibi hakusema kitu. Aliosha mwili wa yule mtoto kwa mikono yake, akarudi kwake. Nadhani ukimya ule ndio uliomwingia mama kuliko maneno yoyote. Nyamweya alipozaliwa, mama alianza kuamka usiku kuweka sikio kwenye pua yake.

Siku ninayoikumbuka ilikuwa ya soko. Mchana ulikuwa na joto la kubana, lile ambalo kwetu huwa na mwisho mmoja tu. Tulikuwa tumeanika pareto kwenye majamvi uani. Wingu lilipotokea upande wa Keroka, jeusi chini na jeupe juu kama povu, mama aliacha jembe akaja mbio, tukazoa maua kwa mikono na nguo. Tulikuwa tumeingiza jamvi la mwisho mvua ya mawe ilipoanza.

Asiyewahi kuisikia mvua ya mawe ya Kisii juu ya mabati hawezi kuelezwa. Mama alikuwa karibu nami, midomo yake ikienda, nami sisikii kitu. Nilikwenda kwenye dirisha la mbao nikalifungua kidogo nione ghala letu. Badala ya ghala nikaona kofia ya babu.

Alikuwa ametoka Kebirigo na kifurushi cha chumvi na tumbaku. Kijito, tulivyoweza kuona baadaye, kilikuwa kimekwisha kumeza gogo, kwa hiyo hakuweza kuvuka kwenda kwake. Alikuwa amejibana kwenye ukuta wetu, chini ya upenu. Upenu haukumsaidia. Upepo ulikuwa ukiivurumisha mvua upande, na mawe yalimpiga miguuni na mabegani yakaruka kama mahindi kikaangoni.

"Ni nani?" mama alipaza sauti sikioni mwangu.

"Ni sokoro."

Mama alijifunika kichwa kwa leso, ingawa ukuta ulikuwa kati yao.

"Mwambie aingie."

Nilitoa kichwa dirishani. "Sokoro, mama anasema uingie."

"Mwambie mama yako nyumba ya mwanangu naijua kwa nje, na kwa nje inapendeza."

Nilimpelekea mama maneno hayo nikicheka. Yeye hakucheka.

"Mwambie mimi nitatoka nikakae migombani. Abaki yeye na ninyi watoto."

"Mama anasema atatoka, aende migombani."

"Aende wapi? Akipigwa na hii mvua, mtoto atanyonya nini, majani ya mgomba? Mwambie akae alipo. Mimi ni ng'ombe mzee. Ngozi yangu ilikauka zamani, imebaki kuwambwa ngoma tu."

Katika anthropolojia kuna neno la mtu kama nilivyokuwa mimi siku ile: mpatanishi, asimamaye kati ya wawili wasioweza kusemezana. Neno hilo ni zito kuliko nilivyokuwa. Nilikuwa mtoto aliyefurahia mchezo, anayelowa nywele dirishani na kukauka anapogeuka, na nilidhani wote watatu tunacheza.

Mama alitoa blanketi la kitandani kwao, akasita, akalirudisha, akachukua lile la kwetu watoto. Nililipitisha dirishani. Akatia makaa kwenye kigae cha chungu kilichovunjika nikayapitisha pia, nikiunguza vidole. Yale makaa yalizimika kabla babu hajayaweka chini. Blanketi liliroa likawa zito, nikamwona akijitahidi kulikamua. Kisha akaacha. Aliteleza mgongo wake ukutani taratibu, akaketi kwenye tope.

"Mama anauliza kama unasikia baridi."

Alikuwa ameegemeza kichwa magotini.

"Sokoro, mama anauliza."

Aligeuza uso. Midomo yake ilikuwa na rangi ya majivu. "Mke wangu," alisema, na sauti haikuwa tena na mzaha ndani yake, "funga dirisha. Mtoto ataingiwa na baridi."

Nilifunga, nikamwambia mama kwamba sokoro ameketi chini. Hapo ndipo alipokwenda kufungua mlango.

Alisimama kizingitini. Babu alikuwa pale pale kushoto kwake, karibu kiasi kwamba angeinama angemfikia. Mvua ilikuwa imeingia ndani na mawe yalikuwa yakibingirika sakafuni mpaka miguuni kwangu. Nikauona mkono wa mama ukinyooka. Ulikuwa mkono wa kulia, wenye rangi ya kijani ya majani ya pareto kwenye kucha, na ulikwenda mpaka juu ya bega la babu ukasimama hapo. Babu alikuwa amefumba macho. Mama akageuka akanitazama. Hakunitazama mimi. Alimtazama Nyamweya, aliyekuwa amelala mgongoni kwangu, shavu lake likiwa limebanwa begani, mdomo wazi.

Sijui alisimama hivyo kwa muda gani. Mtoto hapimi. Najua tu kwamba mkono ulirudi, ukaushika ule wa kushoto, na mama akapiga magoti pale pale kizingitini, upande wa ndani, akaanza kuomba kwa sauti. Alimwomba Mungu aikatishe mvua. Mvua haikukatika kwa ajili ya sala. Iliendelea mpaka ilipokwisha, na mama naye akaendelea.

Mawe yalipogeuka kuwa manyunyu, alimpita babu kwa ubavu, asimguse, akapanda kilima akipiga yowe. Vijana wa majirani walikuja wakambeba babu kwa machela ya nguo za gunia, wakavuka naye mbali juu, mahali kijito ni chembamba. Alikuwa hai. Alikuwa hata akinung'unika kwamba wanambeba kama mwali.

Kichomi kilimshika usiku ule ule. Mtu wa zahanati alikuja na sindano, akarudi tena kesho yake na sindano nyingine, kisha akamwita bibi kando.

Mimi niliruhusiwa kumwona. Mama hakuruhusiwa, wala hakuomba, maana mkaza mwana hakai chumbani mwa baba mkwe aliyelala. Alinituma na uji wa wimbi ndani ya kibuyu, akakaa ng'ambo ya kijito akisubiri kibuyu kirudi. Babu hakuwa anakunywa tena. Lakini alinitambua, akanivuta kwa kidole.

"Una ujumbe wa kupeleka," alisema. "Mwambie mama yako amenitunzia heshima yangu. Si wake wote wa siku hizi wangeweza. Umesikia? Sema nilivyosema."

Nilisema alivyosema. Mama alikuwa ameketi kwenye nyasi akingoja. Aliponisikia, alijishika mdomo kwa mikono miwili, na sauti iliyopenya kati ya vidole ilimwamsha Nyamweya akaanza kulia pia. Nilikuwa nimeleta sifa. Sikuelewa kwa nini imepokewa kama tusi.

Babu alikufa juma lile lile, na alizikwa kwa nyimbo za kanisa na kwa vilio vya zamani, kila upande ukijaribu kuuzidi mwingine sauti.

Baada ya matanga, jioni moja, bibi alivuka kijito akaja kwetu. Mavyaa na mkaza mwana huruhusiwa kukaa pamoja, na hao wawili walikaa, wakimenya ndizi za kupika. Baba alikuwa amekwisha kurudi Kericho. Mama alikuwa hajala vizuri tangu msibani.

"Wanasema uliomba," bibi alisema.

"Niliomba, Mama."

"Wanasema mkono uliufikisha begani."

Mama aliacha kumenya. Alinitazama, akajua habari ilitoka kwa nani. "Nilimwogopea mtoto," alisema. "Yule mwingine..."

"Najua. Mimi ndiye niliyemwosha yule mwingine." Bibi alitia ndizi ndani ya maji, akachukua nyingine. "Lakini wewe ulimwogopea Nyamweya kana kwamba Nyamweya hana dawa. Ungemvuta mzee ndani. Ungemweka karibu na moto, umkaushe kwa nguo zako zote. Kisha ungepiga yowe nije na mbuzi. Kabla jua halijazama tungekuwa tumemaliza, wote hai."

"Mimi ni Msabato, Mama."

"Sikukuuliza wewe ni nani. Mbuzi ni wangu, kisu ni changu. Wewe ungefumba macho tu, ukaimba nyimbo zenu."

Hakusema hayo kwa ukali. Sikuwahi kumwona bibi akimtendea mama kwa upole kuliko jioni ile, na nadhani upole huo ndio uliommaliza. Angelaumiwa, mama angeweza kujitetea. Aliendelea kumenya ndizi huku machozi yakimdondoka, akazimenya nyingi kuliko tulizoweza kula, na bibi akamwacha amenye.

Imenichukua sehemu kubwa ya maisha yangu kueleza kosa la mama kwa lugha ya taaluma. Mwiko uliokuwa kwetu haukuwa ukuta mtupu. Ulikuwa ukuta wenye mlango, na mlango wake ulikuwa ule utakaso, kwa sababu waliouweka walijua kwamba kijito hufurika, gogo huteleza, na mtu siku moja hulazimika kumgusa asiyemgusa. Kanisa liliuziba mlango likiuona ni upagani, likauacha ukuta likiuona ni adabu. Mama alikuwa wa kizazi kilichoishi ndani ya nyumba hiyo. Wa kabla yake wangalimvuta mzee na kuchinja mbuzi. Wa baada yake, mimi mmoja wao, wangalimvuta bila kufikiri. Yeye peke yake ndiye aliyekwama, kama alivyoambiwa.

Hivyo ndivyo ninavyoeleza darasani. Ni maelezo safi, na kila nikiyamaliza huona aibu. Nimemfanya mama kuwa mfano. Wanafunzi hutikisa kichwa kwa kuelewa, na mimi najua kwamba hawajauona ule mkono wenye kijani kwenye kucha.

Nilipokuwa mwanafunzi kama wao, miaka ya sabini ikielekea ukingoni, nilirudi nyumbani likizo nikiwa nimejaa yale niliyofundishwa. Nilimkuta mama jikoni akichambua mboga. Nyamweya alikuwa nje, kijana mrefu mwenye miguu isiyotulia, akibishana na rafiki zake kuhusu mpira. Nikamweleza mama, kwa fahari ya kijinga ya msomi mchanga, kwamba ensoni si ya kwetu peke yetu. Kwamba dunia imejaa jamii ambamo mkwe humwepuka mkwe, na kwamba wataalamu wameandika kwa kirefu adhabu zinazompata kila anayeivunja.

Mama alisikiliza mpaka mwisho. Alikuwa msikilizaji mzuri.

"Na anayeishika?" aliuliza.

"Vipi, mama?"

"Umesema wameandika kinachompata anayeivunja. Anayeishika hupatwa na nini?"

Nilitafuta kichwani yale yote niliyoyasoma. Nje, Nyamweya alicheka kwa sauti nzito ambayo sikuwa nimeizoea bado, na mama akageuza uso kidogo kuelekea sauti hiyo, kama alivyokuwa akigeuka zamani kusikiliza pumzi yake.

"Hawakusema," nilikiri.

"Basi waulize, Kemunto," alisema, akarudia mboga zake. "Wewe ulikuwapo."

Mama sasa hayupo, na mpaka alipofariki hakuwahi kulitamka jina la babu. Walionifundisha nao wengi hawapo, na sikuwauliza. Nilikuwa nikijiambia kwamba swali lile halina mahali pake katika mtaala. Siku hizi nafikiri kwamba niliogopa wangelijibu vizuri mno, kwa istilahi, nami ningelazimika kumpelekea mama jibu hilo kama nilivyompelekea lile la babu, nikisimama mbele yake na kusema neno kwa neno, nisijue nimebeba nini.

Kwa hiyo nawauliza wanafunzi. Huweka chaki chini na kusema tu: anayeishika? Wachache huanza kuandika, wakidhani jibu linakuja, na mimi husimama mbele yao nikiwangoja wainue vichwa.